Motokaa Kuukuu ya Safari za Mbali, na Namna ya Kuzipima Ekseli Zake

Katika vijiji vingi vilivyo mbali na barabara ya lami, watu huchanga fedha, ama kwa chama cha ushirika, ama kwa shule, ama kwa zahanati, ili wapate motokaa moja ivutayo kwa magurudumu manne. Motokaa mpya ya namna hiyo bei yake haishikiki, basi hununuliwa iliyokwisha kutumika. Na desturi ya wanunuzi twaijua: hufungua boneti, husikiliza injini, hupapasa rangi, huketi kitini na kupiga honi. Hayo si mabaya. Lakini injini ikifa njiani, motokaa husimama tu mahali pake, nayo yaweza kuvutwa kwa kamba hata kwa fundi. Ekseli ikivunjika porini, motokaa hulala kama ng'ombe aliyevunjika mguu, wala kamba haifai kitu. Kwa ajili hiyo tumeona vema kuwaeleza wasomaji habari za ekseli: ni kitu gani, ipi ni imara na ipi si imara, na jinsi mtu asiye fundi awezavyo kuipima kabla ya kutoa fedha za watu.

Ekseli ni lile bomba nene la chuma liendalo toka gurudumu la kushoto hata la kulia, nalo katikati limevimba mfano wa chungu. Ndani ya chungu hicho mna gia zenye meno, ziitwazo difu. Kazi ya difu ni mbili. Ya kwanza ni kuipokea nguvu ya injini, ambayo huja kwa propela shafti, na kuigeuza iende kuume na kushoto. Ya pili ni kuyaacha magurudumu mawili yazunguke kwa kasi mbalimbali, maana motokaa ikikata kona, gurudumu la nje huenda njia ndefu kuliko la ndani. Kutoka kwenye difu hutokeza vyuma viwili mfano wa mipini ya majembe, kimoja kila upande. Hivyo mafundi huviita hafu shafti, na ndivyo vizungushavyo magurudumu. Motokaa ya kawaida ina kazi hiyo mahali pamoja tu, mbele au nyuma. Ile ya magurudumu manne huvuta mbele na nyuma, na katikati yake ipo gia boksi ndogo ya pili igawayo nguvu, nayo ina gia nyepesi ya barabarani na gia nzito ya matopeni na milimani.

Asili ya motokaa hizi ni vita. Katika mwaka 1941 jeshi la Marekani lilianza kupokea jeep za Willys, na kabla vita havijaisha mwaka 1945, Willys na Ford walikuwa wamekwisha kutengeneza zaidi ya 600,000. Bwana Maurice Wilks wa kampuni ya Rover, Uingereza, alikuwa akitumia jeep moja shambani kwake katika kisiwa cha Anglesey, akaona kwamba chombo cha namna hiyo chawafaa wakulima. Land Rover ya kwanza ikaonyeshwa mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Mwili wake ulifanywa kwa aluminiamu, kwa kuwa chuma kilikuwa haba baada ya vita, na hiyo ndiyo sababu hata leo twaziona Land Rover za zamani ambazo milango yake haina kutu ijapokuwa fremu yake ya chini imekwisha kuliwa. Kule Japani, Toyota walitengeneza ya kwao mwaka 1951 na kuipa jina la Land Cruiser mwaka 1954. Nissan nao walianza Patrol mwaka ule ule wa 1951. Zote hizo zilifuata mpango mmoja: ekseli nzima ya chuma mbele na ekseli nzima ya chuma nyuma. Mpango huo ni wa kale, hautulii sana barabarani, lakini kwa njia mbovu haujapata mshindani.

Sasa, kwa nini ekseli huvunjika? Watu hudhani ni kwa sababu ya mashimo. Mashimo huharibu springi na shokomzoba, na kupinda bomba la ekseli ikiwa mzigo ni mzito. Lakini hafu shafti huvunjwa na jambo jingine, nalo ni kunyongwa. Tuchukue mfano wa Land Rover ya Series III, iliyotengenezwa tangu 1971 hata 1985. Ukitia gia ya kwanza, nguvu ya kuzungusha itokayo kwenye injini huzidishwa mara 3.68; ukitia na gia nzito, huzidishwa tena mara 2.35, ikifika kwenye difu huzidishwa tena mara 4.7. Mwalimu akiwapa watoto hesabu hiyo ubaoni watapata kadiri ya mara 40. Maana yake, nguvu inayofika kwenye ekseli ni mara 40 ya ile iliyotoka kwenye injini. Ikiwa magurudumu manne yanavuta pamoja, nguvu hiyo hugawanyika mbele na nyuma, na kila chuma huchukua sehemu yake. Watengenezaji wa Land Rover hizo walilijua jambo hili, ndiyo maana ukiivuta gia nzito, magurudumu ya mbele hujifunga yenyewe. Hupewi nafasi ya kuitumia nguvu hiyo yote kwa ekseli ya nyuma peke yake.

Tena lipo jambo baya kuliko hilo. Gurudumu likizunguka burebure matopeni kwa kasi, kisha ghafula likakamata jiwe au mzizi, mwendo wote ule husimama kwa mara moja, na mshtuko huishia kwenye hafu shafti. Hapo ndipo isikiwapo sauti kama ya bunduki chini ya motokaa. Dereva hudhani ametegwa na bahati mbaya, kumbe ni mguu wake mwenyewe uliokanyaga mafuta mno.

Basi tuje kwenye jambo ambalo mnunuzi apaswa kulijua kuliko yote. Hafu shafti ziko za namna mbili. Namna ya kwanza ni shafti inayobeba mzigo. Hapa gurudumu limefungwa kwenye ncha ya shafti yenyewe, na beringi iko ndani kidogo, mwishoni mwa bomba la ekseli. Shafti hiyo hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: huzungusha gurudumu, na huchukua uzito wa motokaa. Ikikatika nje ya beringi, gurudumu hutoka pamoja na kipande cha shafti, na motokaa huanguka chini upande ule.

Namna ya pili ni shafti iliyo huru. Hapa bomba la ekseli limeendelea mpaka ndani ya gurudumu, na kitovu cha gurudumu kimekaa juu ya bomba hilo kwa beringi mbili kubwa. Uzito wote huchukuliwa na bomba na beringi. Shafti yenyewe hupita katikati ikiwa haina kazi ila kuzungusha. Ikikatika, gurudumu hubaki mahali pake na motokaa hubaki imesimama wima. Tena hafu shafti hiyo huchomolewa kwa kufungua nati za kitovu tu, bila kuinua motokaa kwa jeki, bila kutoa gurudumu. Mtu mwenye spana moja na subira aweza kuifanya kazi hiyo chini ya mti.

Kuzitambua hakuhitaji fundi. Litazame gurudumu la nyuma, katikati. Ukiona kitovu kimechomoza nje mfano wa kopo, nacho kimezungukwa na bolti au nati ndogo ndogo zinazoshika kifuniko chake, hiyo ni shafti huru. Ukiona katikati ni bapa, pana kikopo chembamba cha urembo au tundu tu, na nati pekee ni zile za kufungia gurudumu, basi yamkini ni shafti inayobeba. Malori yote makubwa yana shafti huru. Ukitaka kuzoea macho, nenda ukalitazame lori lililosimama sokoni, kisha ukatazame teksi.

Nitoe mfano mmoja, kwa kuwa nilikuwa karani katika kikao kilicholishughulikia jambo lenyewe. Zahanati moja ya nyanda za wafugaji ilinunuliwa motokaa nzuri kwa macho, yenye viti laini na kipoza hewa, kwa fedha za michango ya kata nzima. Ilikuwapo na nyingine, pikapu kuukuu yenye kitovu kilichochomoza, bei yake ndogo kuliko ile. Wazee wakaikataa kwa kuwa ilikuwa na mabonde ubavuni. Masika ya pili, ile motokaa nzuri ilikuwa ikipeleka chanjo ya surua katika kambi za ng'ombe. Juu ya paa palikuwa na magunia manne ya unga yasiyohusu safari hiyo. Walipokuwa wakitoka kwenye korongo, shafti ya kulia nyuma ikakatika, gurudumu likatoka na kutambaa majanini. Walilala hapo siku mbili. Barafu ya sanduku la chanjo ikayeyuka, na dawa yote ikatupwa. Kina mama waliokuwa wametembea toka alfajiri na watoto mgongoni walingoja chini ya mgunga hata jioni, wakarudi. Ilipoitwa tena siku ya chanjo, walikuja nusu yao. Sisemi kwamba ile pikapu isingeharibika. Nasema isingelala chini.

Sasa njia za kupima. Chukua mtu mmoja wa kukusaidia, jeki, mawe mawili makubwa, kipande cha chaki, uzi na rula ya shule. Vaa nguo za kazi, maana usipolala chini ya motokaa hujaikagua.

Kwanza tazama bomba la ekseli kwa macho. Tafuta mahali palipochomelewa. Kiwanda huchomelea kwa mstari ulionyoka na sawasawa. Fundi wa pembeni mwa barabara huchomelea kwa vinundu vinundu. Ukiona vinundu karibu na kile chungu cha difu au karibu na makalio ya springi, ujue bomba lile liliwahi kupasuka au kupinda. Pengine muuzaji amepaka rangi nyeusi mbichi chini kote. Rangi mbichi chini ya motokaa kuukuu ni jambo la kuulizwa, maana hakuna mtu apakaye rangi mahali pasipoonekana kwa kupenda uzuri.

Kisha upime kama ekseli imepinda. Simamisha motokaa mahali tambarare. Pima toka tairi la kushoto la nyuma hata la kulia kwa uzi, mbele ya ekseli, kwa kimo cha kitovu. Halafu upime nyuma ya ekseli kwa kimo kile kile. Vipimo hivyo viwili vyapasa kuwa sawa. Vikiachana kwa zaidi ya milimita chache, na tena tairi zimelika upande mmoja tu, bomba limepinda. Motokaa ya namna hiyo huwala wenyewe, maana kila mwaka hutafuna beringi na sili, na dawa yake hasa ni kutia bomba jingine.

Baadaye pima ulegevu. Zuia magurudumu kwa mawe mbele na nyuma. Ondoa gia, na uachie breki ya mkono, kwa sababu katika Land Rover za zamani breki ya mkono haishiki magurudumu bali hushika propela shafti, nawe utadanganyika. Sasa lala chini, ushike propela shafti kwa mikono miwili na kuizungusha huku na huku. Itacheza kidogo, hilo si neno. Lakini ikicheza sana na kugonga kwa sauti, meno ya difu yamelika, au krosi za propela zimekwisha, au meno ya ncha za hafu shafti yamelegea ndani ya vitovu. Yatofautishe kwa macho: mwambie mwenzako azungushe, wewe utazame ni chuma kipi kinachotangulia kwenda na kipi kinachobaki. Hili la meno ya vitovu ni ugonjwa unaojulikana wa Land Rover za Defender. Si ugonjwa wa kufisha, na chombo chake si ghali, ila wapaswa kuujua ili upunguziwe bei.

Inua gurudumu moja moja. Lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, beringi imelegea au imekwisha. Kwa magurudumu ya mbele pengine ni kingi pini. Lizungushe kwa mkono, sikiliza. Beringi nzima husema kama chirizi la mchanga laini, au haisemi kabisa. Beringi mbovu hukwaruza.

Halafu fungua nati ya chini ya difu, ukinge mafuta kwenye bakuli safi. Usione haya kuomba jambo hili. Muuzaji mwenye motokaa njema hatakataa, hasa ukimnunulia lita za kujazia. Mafuta meusi si kitu. Uji mwembamba wa kijivu kwenye nati, kama masizi ya sufuria, ni wa kawaida, ndio uchakavu wa kila siku. Lakini ukiona vipande vinavyong'aa, vidogo kama pumba za mpunga au vikubwa kuliko hivyo, meno yanavunjika, acha. Na ukiona mafuta yamekuwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Maji huingiaje? Ekseli hupata moto ikienda. Motokaa ikizamishwa mtoni kwa ghafula, hewa iliyomo ndani hupoa na kujivuta, na kama tundu la kupumulia lililo juu ya bomba limezibwa na tope, ekseli huvuta maji kupitia kwenye sili. Dawa yake ni ndogo: kipande cha mpira kifungwe kwenye tundu hilo na kupandishwa juu karibu na boneti. Motokaa iliyotunzwa na mtu wa safari hasa utaikuta na mpira huo. Mimi nikiuona, humheshimu mwenyewe kabla sijamjua.

Usikubali kuendeshwa mjini kwenye lami peke yake. Nenda njia ya vumbi yenye matuta matuta kama bati, kwa mwendo wa kadiri, ufungue madirisha. Mlio mwembamba unaopanda ukikanyaga mafuta na kushuka ukiyaachia ni wa meno ya difu. Ngurumo inayobadilika ukikata kona kushoto au kulia ni ya beringi. Kisha funga magurudumu ya mbele, nenda mahali penye mchanga au udongo tifutifu, uzungushe usukani hata mwisho, uende polepole duara kushoto, na duara kulia. Ukisikia ta-ta-ta-ta mbele, vile viungo vya mpira wa chuma vilivyo kwenye ncha za ekseli ya mbele vimelika. Jaribio hili usilifanye juu ya lami kavu. Katika motokaa ambazo magurudumu ya mbele hufungwa kwa hiari ya dereva, mbele na nyuma hulazimishwa kwenda sawa; na kwenye kona magurudumu ya mbele huenda njia ndefu zaidi. Juu ya mchanga magurudumu huteleza kidogo na tofauti hiyo huisha. Juu ya lami hayatelezi, na tofauti hujikunja ndani ya gia na shafti kama kamba isokotwayo. Madereva wengi wameharibu motokaa za serikali na za misheni kwa kutojua hili tu.

Kwa ekseli ya mbele tazama pia yale mapande ya mviringo yaliyo nyuma ya magurudumu, ambayo hugeuka pamoja na usukani. Katika Land Rover, uso wake uwe laini. Ukiwa na vidonda vya kutu, utakata sili na mafuta yatavuja siku zote. Katika Land Cruiser ndani yake mna grisi nzito; ukiona nje panatiririka supu nyembamba, ni kwamba sili ya ndani imekwisha, na mafuta ya difu yameingia kuizimua grisi. Kazi ya kuitengeneza ni ya siku moja au mbili na uchafu mwingi, lakini motokaa haikataliwi kwa hilo.

Mtaniuliza, basi tununue ipi? Kila fundi ana kabila lake katika jambo hili, nami nitasema niyaonayo. Land Cruiser za namba 70, zilizoanza mwaka 1984, hasa pikapu na zile ndefu za kubebea watu, ndizo za kwanza kwa ekseli: shafti za nyuma ni huru, bomba ni nene, na ekseli ya mbele ni nzima. Zile zenye injini ya dizeli ya 1HZ, lita 4.2, isiyo na turbo, zapatikana tangu mwaka 1990, na mafundi wake wako kila mji mdogo. Ubaya wake ni bei. Hata iliyochoka huuzwa kwa kiburi.

Land Rover za Series ndefu zina shafti huru, lakini shafti zenyewe ni nyembamba, na ndizo zilizowapa Land Rover jina la kuvunja. Tafuta ile ndefu yenye ekseli ya nyuma ya Salisbury, ambayo chungu chake ni kikubwa na kifuniko chake kiko upande wa nyuma, kimeshikwa kwa bolti pande zote. Ile ni imara mno. Ekseli hiyo iliendelea kuwekwa katika One Ten, iliyoanza mwaka 1983, na katika Defender 110 hata miaka ya mwanzo ya 2000. Kiwanda cha Solihull kilifunga kazi ya Defender hizo za kale tarehe 29 Januari 2016, lakini vipuri vyake vingali vinatengenezwa.

Patrol za Nissan za 1987 na za 1997 zina ekseli nzima mbele na nyuma, nene kwelikweli. Matatizo yake ni mengine, na vipuri vyake vijijini si vingi kama vya Toyota. Hilux za miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990 zilizoletwa Afrika zikiwa na ekseli nzima ya mbele ni ngumu kuliko ukubwa wake, ingawa shafti za nyuma hubeba mzigo. Hilux za baadaye na zile ziitwazo Prado zina miguu ya mbele iliyotengana, zinatulia barabarani, lakini korongoni viungo vingi ni vya kuchoka. Kwa mwalimu au mganga aendaye peke yake na begi moja, Suzuki Jimny yatosha. Ina ekseli nzima mbele na nyuma, na uzito wake hupita tani moja kwa kidogo tu. Motokaa nyepesi haivunji ekseli yake, na ikinasa vijana wanne huinyanyua. Na kijiji ambacho lori la kawaida hufika mwaka mzima hakihitaji motokaa ya magurudumu manne hata kidogo. Nunueni pikapu ya kawaida, fedha zinazobaki zitieni mafuta.

Mambo mengine kwa upesi. Fremu ya chini igongwe kwa nyundo ndogo, hasa motokaa iliyokaa Mombasa, Tanga au Unguja penye hewa ya chumvi, au iliyotoka Japani ya kaskazini ambako barabara za theluji hutiwa chumvi. Chuma kizima hulia, chuma kilichoozwa hukohoa. Namba iliyochongwa kwenye fremu ilingane na ile ya kadi. Kumbukeni kwamba Kenya hairuhusu kuingizwa motokaa iliyopita umri wa miaka 8, na Tanzania huziongezea kodi zilizozeeka. Kwa hiyo kuukuu nyingi mtakazoonyeshwa zimekwisha kufanya kazi nchini, na historia yake yaweza kuulizwa. Ulizeni nani alikuwa nayo. Motokaa ya shirika lenye karakana yake si sawa na iliyobeba mawe ya kujengea.

Mkiisha kuinunua, mzigo ndio adui. Tairi kubwa kupita zile za kiwanda huongeza mnyongo kwenye shafti, ziacheni. Tairi zote nne ziwe za ukubwa mmoja na uchakavu mmoja. Mafuta ya difu yatazamwe baada ya kila kivuko cha mto, wala msingoje mwezi uishe. Magurudumu ya mbele yafungwe kabla ya kuingia matopeni, si baada ya kunasa.

Na sandukuni kila safari ziwemo hafu shafti moja ya nyuma ya kila upande, maana katika motokaa nyingi ya kushoto na ya kulia hazina urefu mmoja. Beringi mbili za kitovu, sili, krosi moja, spana za nati za kitovu, na kitambaa safi. Ikiwa hamna shafti ya akiba, na motokaa ni ya shafti huru, bado haijawa mwisho wa safari. Fungueni nati za kitovu cha upande uliovunjika, chomoeni shafti, na kipande kilichobaki ndani kivutwe chote kwa waya, kisije kikaingia kwenye meno. Chomoeni na shafti ya upande wa pili, ili difu isizunguke bure. Zibeni matundu ya vitovu kwa vifuniko au kwa ngozi iliyofungwa imara, mchanga usiingie kwenye beringi. Kisha fungeni magurudumu ya mbele. Na katika Defender, ambayo huvuta kwa yote manne siku zote, fungeni difu ya katikati kwa rungu lake. Motokaa itavutwa na ekseli ya mbele peke yake. Shusheni mizigo na watu wenye kuweza kutembea, epukeni mlima mkali, wala msikanyage mafuta kwa ghafula, kwa kuwa sasa shafti za mbele zabeba kazi ya nne. Kwa mwendo wa mtu akimbiaye mtafika kwenye barabara ya lori, na hapo mtatuma ujumbe mjini wa kutafutiwa shafti, mkitaja urefu wake na hesabu ya meno ya ncha zake.